Je, Wajua? Dawa Ipo Mtini, Nani Ataibeba?

Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kuna kichaka kimoja ambacho karibu kila taifa lililokimbilia huku linakijua, na jina lake halibadiliki sana ukitoka lugha moja kwenda nyingine. Wanyankore, wenyeji wa wilaya hii ya Isingiro, wanakiita omubirizi. Wanyarwanda na Warundi wanasema umubirizi. Sisi wa Kiswahili, pale sokoni Base Camp, tunasema mubirizi tu, na Mganda akipita atatuambia ni mululuza. Majani yake ni machungu hata mtoto hulia kwa kuyaona yakipondwa. Huota kwenye ua wa nyumba, nyuma ya jiko, kando ya migomba. Hutumika kwa homa, kwa minyoo, kwa tumbo linalokata, na siku hizi kwa kansa.

Makazi haya yalianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana zaidi ya watu 150,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea na wengine. Kila aliyekuja alikuja na dawa zake kichwani, kwa sababu hizo hazinyang'anywi mpakani.

Jirani yangu mmoja, bibi aliyetoka Kivu, alinitupia swali tukiwa kwenye taksi ya kwenda mjini Mbarara. Alikuwa anampeleka mjukuu wake, mwenye uvimbe wa taya, kwenye kitengo cha saratani cha Hospitali ya Rufaa. Kikapuni mwake mlikuwa na chupa ya maji ya mubirizi. "Mwanangu, wewe unayesoma magazeti," akasema, "kama mti huu unaua kansa kama wanavyosema, sisi tunakwenda Mbarara kutafuta nini?"

Njia nzima, vumbi likituingia madirishani, sikuweza kumjibu vizuri. Nilirudi nikasoma. Haya ndiyo niliyoyakuta, na ninayaandika kwa ajili yake.

Je, wajua kwamba wanaosema mubirizi unaua seli za saratani hawakulitoa hewani? Mwaka 1969 mkemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, pamoja na wenzake, walichapisha taarifa kwamba wametoa ndani ya mmea huu, ambao wanasayansi wanauita Vernonia amygdalina, dutu mbili walizozipa majina venodalini na venomigdini. Zote mbili ziliua seli za uvimbe maabarani. Jina la Kupchan tulishike, tutakutana naye tena kwenye pwani ya Kenya.

Ila neno la kulitazama hapo ni "maabarani". Seli zilizolala kwenye kisahani hazina tumbo la kupitia wala ini la kuzitetea. Ukizimwagia siki zitakufa. Ukizimwagia maji ya sabuni zitakufa. Kuua seli ya saratani kwenye kisahani ni kazi rahisi sana. Kazi ngumu ni kuiua ikiwa ndani ya mtoto, na mtoto abaki. Venodalini haijawahi kuwa dawa ya hospitali.

Je, wajua kwamba sokwe wa Tanzania aliujua mti huu vizuri kuliko wengi wetu? Novemba 1987, katika milima ya Mahale, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, afisa wa hifadhi ile na mtoto wa ukoo wa waganga wa Kitongwe, walikuwa wanamfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hali, analala mchana kutwa. Wakamwona anaukaribia mti ambao Watongwe huuita mjonso. Ndio huu huu mubirizi wetu. Alivunja chipukizi, akamenya ganda la nje akalitupa, akayatupa na majani, kisha akatafuna kiini cha ndani akinyonya maji yake machungu. Kesho yake alikuwa amepata nafuu.

Chausiku alikuwa na shida ya tumbo, hakuwa na saratani, na hilo lisisahaulike. Kilichonishangaza mimi ni alichokitupa. Wanakemia walipoupima mti ule baadaye, walikuta venodalini, ile sumu ya Kupchan, imejaa kwenye majani na kwenye ganda, na kwenye kiini karibu haipo. Sokwe alichukua sehemu ya kutibu tumbo akaiacha sehemu ya kuua. Sisi tunapochemsha majani ya mubirizi tunachemsha kile alichokitupa Chausiku, na ndiyo maana wazee wetu walisisitiza kipimo: kikombe kimoja, si sufuria.

Dawa ya mti inapomezwa hupita wapi? Hupita kwenye asidi ya tumbo, kisha kwenye ukuta wa utumbo, kisha kwenye ini, ambalo kazi yake ni kuvunja kila kigeni kinachoingia. Kitakachosalimika kitaingia kwenye damu, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji. Na hapo kuna tatizo jingine, kwa sababu dutu nyingi za mimea zenye nguvu dhidi ya seli haziyeyuki majini. Zinapenda mafuta. Manjano ni mfano ulio jikoni kwa kila mtu. Mpishi wa pwani hakorogi manjano kwenye maji baridi, anayakaanga kwanza kwenye mafuta ndipo rangi itoke. Kukumini, dutu iliyo ndani ya manjano, imejaribiwa kwenye seli za saratani za kila namna na ikazishinda kwenye visahani vingi. Mtu akiimeza, hata kwa gramu kadhaa, kinachoonekana kwenye damu yake ni kidogo mno, kwa sababu utumbo na ini vimeshaigeuza.

Kwa hiyo swali la bibi lina nusu mbili. Kama mti una dawa ni nusu moja. Nusu ya pili ni nani ataibeba hiyo dawa hadi kwenye uvimbe, isivunjwe njiani na isimwage sumu kwa watu wasiohusika.

Je, wajua kwamba moja ya dawa anazotundikiwa mtoto mwenye uvimbe wa taya ilitoka kwenye ua la kupambia nyumba? Hilo ua limepandwa Mbarara mbele ya ofisi na hoteli, na huku Nakivale utalikuta kwenye makopo ya rangi yaliyokatwa. Ni dogo, lina petali tano, la waridi au jeupe, na wauza miche wengi huliita vinka. Asili yake ni Madagaska.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alitumiwa majani ya vinka kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai kwa ajili ya kisukari. Aliyapeleka kwa ndugu yake Robert Noble, mtafiti. Panya wakanyweshwa chai ile: sukari haikushuka, hakuna kilichotokea. Ndipo watafiti wakaamua kuwadunga maji ya majani yale kwa sindano. Panya wakafa kwa majipu na maambukizi, kwa sababu chembe nyeupe zao za damu zilikuwa zimetoweka.

Jani ni lile lile. Likinywewa halikufanya kitu, likipita kwenye sindano lilifagia chembe nyeupe za damu. Mtu wa kawaida angesema sumu, akatupa. Robert Noble na mwenzake Charles Beer walijiuliza: je, kama mgonjwa ana chembe nyeupe zilizozidi, zenye saratani? Mwaka 1958 wakaitangaza vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly, ikiufuata mmea huo huo, ikapata vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963.

Mwaka huo huo wa 1958, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Uvimbe huo sasa unaitwa kwa jina lake dunia nzima. Mwaka 1967 kituo cha kuutibu kikafunguliwa Kampala, na ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Vinkristini ilikuwa miongoni mwa dawa za awali zilizotumika pale, na mpaka leo imo kwenye tiba ya uvimbe ule. Ua la Madagaska na mtoto wa Uganda wamekuwa pamoja kwa zaidi ya nusu karne.

Inavyofanya kazi ni hivi. Seli inapotaka kugawanyika, husuka nyuzi ndani yake za kuvutia kila nusu upande wake. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisisukwe. Seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa. Tatizo ni kwamba mishipa ya fahamu nayo imejengwa kwa nyuzi za aina hiyo. Mtoto anaanza kulalamika kwamba vidole vinawaka au vimekufa ganzi, anaburuta miguu, choo kinakuwa kigumu. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hawamzidishii mtu mzima miligramu 2 kwa mara moja, hata kama uvimbe wake ungehitaji zaidi. Miligramu mbili! Punje za chumvi za kuhesabika tu zina uzito huo. Na ili kupata gramu moja tu ya dawa za vinka zinahitajika mamia ya kilo za majani makavu.

Bibi akinywesha chai ya vinka nyumbani, kwa hiyo, hafanyi kile kinachofanyika wodini.

Je, wajua kwamba mtu wa Ankole anajua tayari nusu ya teknolojia ya nano? Nenda kwenye harusi yoyote ya Mbarara, utapakuliwa eshabwe. Ni mchuzi mweupe, laini, unaotengenezwa kwa kuipiga samli pamoja na maji na chumvi kwa subira kubwa. Mafuta na maji havipatani, lakini mkono wa mwanamke anayeijua kazi unavipatanisha hadi usione tena mpaka kati yao. Maziwa ya ng'ombe wenye pembe ndefu wa huku yana siri hiyo hiyo. Mafuta yameelea ndani ya maji bila kujitenga mara moja, kwa sababu kila tone la mafuta limevikwa ngozi nyembamba mno.

Ngozi hiyo imejengwa na chembe za lipidi zenye kichwa na mikia miwili. Kichwa kinapenda maji, mikia inayakimbia. Zikiachwa majini hujipanga zenyewe safu mbili, mikia ikitazamana kwa ndani na vichwa vikibaki nje. Kisha safu hiyo hujikunja ikawa kiputo. Kila seli ya mwili wako ina ukuta wa namna hii. Mwaka 1961, huko Babraham karibu na Cambridge, Alec Bangham na Robert Horne walikuwa wanaijaribu hadubini mpya ya elektroni, wakaweka lipidi na maji, wakaona viputo vyenye kuta kama za seli. Walivichapisha mwaka 1964. Baadaye viliitwa liposomu.

Kiputo cha dawa kina upana wa kama nanomita 100. Unywele wa kichwa una kama 80,000. Panga viputo mia nane kwa mstari ndipo uumalize upana wa unywele mmoja.

Uzuri wake ni kwamba kina vyumba viwili. Dawa inayopenda maji, kama vinkristini, hukaa tumboni mwa kiputo. Ile inayopenda mafuta, kama kukumini, hujificha ndani ya ukuta wenyewe. Na kwa kuwa mishipa ya damu inayoulisha uvimbe hujengwa haraka haraka, huwa na nyufa ambazo mishipa yenye afya haina. Watafiti wa Kijapani Matsumura na Maeda waliieleza hali hiyo mwaka 1986: chembe kubwa kidogo hupenya pale penye nyufa na kubaki. Dawa haihitaji kuufahamu uvimbe. Inatosha iwe na ukubwa usiopita kwenye ukuta mzima lakini unaopita kwenye ukuta uliopasuka.

Liposomu ya kwanza ya saratani iliruhusiwa kwa ugonjwa gani? Sakoma ya Kaposi, ile ya madoa ya zambarau inayowapata watu wenye UKIMWI, na ambayo Uganda inaijua kwa machungu. Ilikuwa Marekani mwaka 1995, na dawa iliitwa Doxil. Iliyobebwa humo, doksorubisini, ilitokana na bakteria wa udongoni, si mmea. Lakini ndiyo iliyofungua mlango.

Walioingia mlangoni baadaye walikuwa na dawa za mimea. Mwaka 2012 Marekani iliruhusu Marqibo, yaani vinkristini iliyofungwa ndani ya kiputo cha lipidi, kwa watu wazima wenye aina ya saratani ya damu iliyorudi zaidi ya mara moja. Ikiwa ndani ya kiputo, vinkristini iliweza kutolewa kwa dozi kubwa kuliko ile miligramu 2. Mwaka 2015 ikafuata Onivyde, ambayo imebeba irinotekani. Dawa hii ni mtoto wa dutu iliyopatikana mwaka 1966 na Monroe Wall na Mansukh Wani katika mti wa Kichina uitwao xi shu, mti wa furaha. Onivyde ilikuwa kwa saratani ya kongosho.

Nitaandika na matokeo, kwa sababu wagonjwa wanayo haki ya kuyajua. Katika jaribio lililoifanya Onivyde iruhusiwe, waliopata dawa hiyo pamoja na dawa ya kawaida waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 6.1, na waliopata ya kawaida peke yake miezi 4.2. Karibu miezi miwili. Kwa mtu anayesubiri mwanawe arudi kutoka safari, miezi miwili ni mingi. Lakini si kupona, na asidanganyike mtu kwamba ni kupona. Marqibo nayo iliondolewa sokoni mwaka 2022, kwa kuwa utafiti uliotakiwa kuthibitisha faida yake haukukamilika. Vinkristini isiyo na kiputo, ile ya zamani, ndiyo bado iko kazini.

Je, wajua kwamba mbarika umeingia kwenye dripu za saratani? Mbarika, au mnyonyo kwa wengine, ule wa mafuta mazito tuliyonyweshwa utotoni kwa nguvu. Mmea huu ni wa kwetu, asili yake Afrika Mashariki na Uhabeshi. Sasa sikiliza. Paklitakseli ni dawa iliyotolewa kwenye gome la mti aina ya Taxus, lililokusanywa magharibi ya Marekani mwaka 1962. Haiyeyuki majini kabisa. Ilipotakiwa kuingia kwenye mshipa, waliiyeyusha kwa pombe na kiyeyushi kiitwacho Cremophor, kinachotengenezwa kwa mafuta ya mbarika. Ikafaulu, ikaruhusiwa mwaka 1992. Lakini kibebaji chenyewe kilikuwa mkorofi. Wagonjwa wengine walivimba, wakakosa pumzi, shinikizo la damu likaanguka. Ndiyo sababu mgonjwa wa paklitakseli hupewa kwanza dawa za kuzuia mzio kabla dripu haijafunguliwa. China iliruhusu paklitakseli ya liposomu, Lipusu, mwaka 2003, na Marekani ikairuhusu iliyobebwa na protini ya damu mwaka 2005. Zote mbili zilikuwa za kumkwepa mbarika.

Hata hivyo paklitakseli ya mbarika imewafaa watu wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, ulizilinganisha tiba tatu za sakoma ya Kaposi iliyokomaa, zote zikiambatana na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Moja ilikuwa paklitakseli. Ya pili ilikuwa vinkristini ikisaidiwa na bleomisini. Ya tatu ilikuwa etoposidi, ambayo nayo ina asili ya mmea wa porini wa Marekani. Paklitakseli ilishinda.

Je, wajua habari ya vichaka vya Shimba Hills? Hii ndiyo iliyonikalisha macho.

Mwaka 1972 yule yule Kupchan alitangaza dutu kutoka mmea wa Uhabeshi wa jamii ya Maytenus, akaiita maitansini. Ilikuwa na nguvu ya kutisha: inakwamisha nyuzi za seli kama vinkristini, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Wamarekani wakatafuta mmea wenye kuitoa kwa wingi, na wakaupata ndugu yake, Maytenus buchananii, kwenye vilima vya Shimba, kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1970 zilivunwa huko tani zipatazo 27 za mmea huo, zikapelekwa Marekani. Waliohesabu baadaye walisema vichaka vilivyokomaa vya eneo lile vilikuwa vimekwisha.

Kilichopatikana kikaingia kwenye majaribio ya wagonjwa, kikashindwa. Si kwamba haikuua saratani, bali iliumiza kila kitu kingine: tumbo, ini, mishipa ya fahamu. Kiasi ambacho mgonjwa aliweza kukistahimili hakikutosha kuuondoa uvimbe. Maitansini ikawekwa rafuni. Vilima vya Shimba vikabaki na mapengo yake.

Baadaye watu wakaitoa rafuni wakiwa na swali jipya. Hawakuuliza tena dawa ina nguvu gani. Waliuliza inabebwa na nini. Waliifunga kwenye kingamwili, protini inayotambua alama iliyoko juu ya seli za aina fulani ya saratani ya matiti. Kingamwili inazunguka kwenye damu ikiwa imefungiwa sumu, inaishika seli yenye alama, inamezwa nayo, na humo ndani fundo linafunguka. Mwaka 2013 Marekani iliiruhusu kwa jina la Kadcyla. Sumu ni jamaa ya ile ya Shimba na ya Uhabeshi, na sasa inawarefushia wanawake maisha. Tena haihitaji kichaka. Mwaka 1977 iligunduliwa kwamba bakteria fulani hutengeneza dutu ya ukoo huo, na siku hizi malighafi yake huchachushwa kwenye mapipa ya kiwanda.

Kadcyla haina kiputo cha lipidi, ninajua. Nimeileta kwa sababu inamjibu bibi kuliko liposomu zote. Ile dawa ilikuwepo, ilijulikana, ilikuwa kali, na kwa miaka mingi haikumponya mtu, kwa kukosa mbebaji tu.

Viputo hufika vingapi? Vichache. Mwaka 2016 watafiti walikusanya majaribio ya miaka kumi yaliyofanywa kwa wanyama, wakakuta kwamba, kwa wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya chembe nano zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini na wengu, ambako kuna seli za kinga zinazomeza kila kitu chenye ukubwa huo. Halafu uvimbe wa panya hukua kwa siku chache na mishipa yake imejaa nyufa, na uvimbe wa binadamu mara nyingi umekua polepole, nyufa zake chache. Mtu akikuuzia vidonge vya "manjano ya nano" vinavyotibu kila kansa, mkumbushe namba hiyo.

Je, wajua kwamba balungi limetoa viputo vyake lenyewe? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, walichukua lipidi za balungi wakatengeneza chembe nano za kubebea dawa, zikafanya kazi kwa panya. Mmea ukawa mbebaji badala ya mzigo.

Balungi hilo hilo lina upande wa pili. Maji yake hufunga kimeng'enya cha utumboni ambacho huvunja dawa nyingi za hospitali, nazo zikajaa kwenye damu kupita kipimo. Vinkristini huvunjwa na vimeng'enya vya ukoo huo. Ndiyo maana wodini wanauliza unakula nini na unakunywa nini.

Viputo havikuishia kwenye saratani. Chanjo za UVIKO za Pfizer na Moderna zilipanda viputo vya lipidi vya ukoo huo, vya kizazi kipya, ambavyo dawa yao ya kwanza iliruhusiwa mwaka 2018. Kilichotangulia kuwatibu wachache kikaingia kwenye mikono ya mabilioni ndani ya miaka mitatu.

Na Mbarara wanafanya nini? Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kina kituo kiitwacho PHARMBIOTRAC, cha teknolojia ya dawa na tiba asilia. Ni miongoni mwa vituo vya umahiri vya Afrika vilivyofadhiliwa na Benki ya Dunia katika awamu iliyoanza 2016. Hapo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za ukanda huu husomea jinsi ya kuupokea mti kutoka kwa mganga, kuutambua kwa jina lake kamili, kutoa dutu yake, kupima sumu yake na kuufikisha kwenye kipimo kisichobadilika. Kwangu mimi kazi hii ya chini, isiyo na kishindo, ni ya thamani sana. Kiputo hakina faida kama hujui unachokipakia.

Shida ya viputo ni joto. Liposomu nyingi hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Zikiganda zinapasuka, zikipata joto zinavuja. Kwa hospitali yenye jenereta hilo linawezekana. Kwa zahanati inayotegemea sola, dawa ya chupa kavu inayochanganywa na maji siku ile ile ndiyo inayofika.

Wiki tatu baadaye nilimsindikiza bibi tena. Uvimbe wa mjukuu ulikuwa umepungua hata anaweza kutafuna ndizi. Nesi alipouliza kama mtoto anatumia dawa nyingine yoyote, bibi alinitazama, kisha akaitoa chupa kikapuni akaiweka mezani. Nesi, Mnyankore, akafungua kizibo, akanusa, akatabasamu. "Omubirizi," akasema. Akamuuliza ni majani mangapi, maji kiasi gani, mara ngapi kwa siku. Bibi akajibu kila kitu. Kwenye daftari la shule ambalo ndilo faili la mtoto, chini ya jina la vinkristini na kipimo chake, akaandika: mubirizi, majani saba, kikombe kimoja asubuhi, umesimamishwa hadi dripu ziishe.